Kuchunguza Mahali katika Riwaya kwa Kompyuta: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kompyuta huhesabu maneno. Haijui kama mhusika anaupenda mji wake au anaukimbia. Anayechambua riwaya za Kiswahili kwa programu kama AntConc au Voyant na ashike haya.

FANYA

1. Soma kitabu chote kwanza. Usiyemjua Rosa wa Namagondo, Ukerewe, huna la kuiuliza kompyuta kuhusu *Rosa Mistika* (1971).

2. Linganisha matini iliyoskaniwa na kitabu chenyewe. Herufi moja ikikosewa, kijiji kizima kinatoweka kwenye hesabu.

3. Tafuta pia mahali pasipo na jina: kisimani, shambani, jikoni, uani. Huko ndiko wahusika wanakoishi. Ila ukiagiza maneno yote yanayoishia na *-ni*, utaletewa pia amani, jirani, nini na someni. Chuja mwenyewe.

4. Andaa orodha ya majina ya zamani. Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi 1966. Usipoyaunganisha majina hayo, mji mmoja utahesabiwa kama miwili.

5. Rudi kwenye sentensi. Kila jina lisome pamoja na maneno yaliyolizunguka.

USIFANYE

1. Usigeuze herufi kubwa kuwa ndogo kabla ya kutenga majina. Mji wa Moshi utachanganyika na moshi wa kuni, na Tanga na tanga la jahazi.

2. Usiondoe *hapa*, *humu* na *kule* kwa kisingizio kwamba ni maneno madogo. Msimulizi anayesema "humu kijijini" yumo. Anayesema "kule kijijini" amekwishajitenga. Ukiyafuta, umefuta kile kile ulichokuwa unakitafuta.

3. Usilazimishe kila mahali kukaa kwenye ramani. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi ya angani. Programu ikikupa latitudo yake, ikatae.

4. Usidhani panapotajwa sana ndipo panapopendwa. Mtu huweza kuutaja mji unaomtesa kila ukurasa, na kwao akapaita "kwetu" tu.

5. Usisambaze vitabu vyenye hakimiliki kwa jina la utafiti. Toa hesabu zako na ueleze ulivyozipata.

6. Usichapishe chati iliyo peke yake. Kila chati iandamane na kifungu cha riwaya kinachoithibitisha. Ukikikosa, ifute chati na uanze kusoma upya.