Cheti cha KRA: Kitafute Kabla Zabuni Haijatangazwa

Zabuni ya kaunti inapofunguliwa, kamati huanza kwa kukagua stakabadhi. Anayekosa stakabadhi moja ya lazima huondolewa papo hapo, hata kama bei yake ni nafuu kuliko zote. Mara nyingi stakabadhi inayokosekana ni cheti cha Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) kinachothibitisha kuwa mtu ametimiza wajibu wake wa ushuru, maarufu kama TCC.

Si sawa na leseni ya biashara
Leseni ya biashara hutolewa na kaunti na hukuruhusu kufungua duka au kibanda. TCC hutolewa na KRA. Kuwa na kimoja hakukuondolei haja ya kingine. TCC huhitajika pia unapojisajili katika mpango wa AGPO, unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali.

Kinachowakwamisha wengi
Chukua mfano wa fundi cherehani aliyefungua PIN miaka 3 iliyopita, asipate kazi ya maana, na asiwasilishe ritani akidhani asiye na mapato hahusiki. Sheria humtaka awasilishe ritani ya sufuri kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni angalau Sh2,000 kwa kila mwaka. Kwa hivyo anadaiwa Sh6,000 bila kuuza hata shati moja, na ombi lake la cheti litakwama.

Kagua pia majukumu yaliyo kwenye PIN yako. Ikiwa umesajiliwa kwa VAT au kwa ushuru wa mauzo, ritani ya mwaka pekee haitoshi. Ushuru wa mauzo huwahusu wenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka. Ni asilimia 3 ya mauzo, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Hatua za kufuata
1. Ingia katika iTax kwa PIN na nywila yako. Ukihitaji msaada, nenda kituo cha Huduma au ofisi ya KRA iliyo karibu.
2. Wasilisha ritani zote zilizobaki, zikiwemo za sufuri.
3. Lipa deni na faini. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, iombe KRA ikuruhusu kulipa kwa awamu. Mpango ukikubaliwa, unaweza kupewa cheti ukiendelea kulipa.
4. Omba cheti katika sehemu ya vyeti. Hakilipiwi. Ukienda saiba, unalipia kazi ya mhudumu tu. Usimwachie nywila yako.
5. Hakikisha jina na PIN kwenye cheti vinalingana na stakabadhi zako nyingine.

Ukiambiwa hapana
Usiondoke na jibu la mdomo. Uliza ni ritani ya mwaka gani inayokosekana, au ni deni gani, na uonyeshwe kwenye akaunti yako. Weka risiti za malipo na stakabadhi za kupokewa kwa ritani, kwa sababu ndizo ushahidi wako. Ukiamini umekadiriwa ushuru usiostahili, una siku 30 tangu upewe taarifa ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu na kuambatanisha ushahidi.

Ukiambiwa cheti chako si halali, mwombe afisa akague nambari yake katika iTax. Ukaguzi huo huchukua dakika chache na humaliza ubishi.

Cheti hudumu miezi 12. Andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya dukani na uanze kutafuta kipya mapema, kwani zabuni ikifungwa haikusubiri ulipe faini ya mwaka juzi.