Picha mbili zako, fremu 118 za mashine

Video ya sekunde tano inayokwenda kwa fremu 24 kila sekunde ina fremu 120. Ukiipa akili mnemba picha ya mwanzo na picha ya mwisho, ukaiambia iziunganishe, fremu zako ni hizo mbili tu. Nyingine 118 inazibuni. Hesabu hiyo ndiyo ya kushika unapotumia Runway, Kling, Luma, Veo au programu nyingine ya aina hii.

Sura moja kugeuka nyingine si jambo geni. Waliotazama video ya "Black or White" ya Michael Jackson mwaka 1991 wanaikumbuka. Enzi hizo mafundi walilinganisha jicho kwa jicho na mdomo kwa mdomo. Akili mnemba haifanyi hivyo. Imejifunza kutoka video nyingi mno jinsi maji yanavyotiririka na nguo inavyopepea. Huanza na chenga tupu, kama za televisheni isiyoshika stesheni, ikazisafisha hatua kwa hatua mpaka zikubaliane na picha zako mbili.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye picha zenyewe. Tuseme unataka kuonyesha Forodhani, Unguja, ikitoka alasiri kuingia usiku. Simama mahali pamoja, simu katika kimo kilekile, mstari wa bahari usipande wala kushuka. Zikate picha zote mbili kwa umbo moja, 16:9 kwa YouTube au 9:16 kwa TikTok. Ukiiachia programu ikukatie, huenda ikaondoa usichotaka kiondoke. Picha moja ikiwa imepigwa kutoka baharini na nyingine kutoka barabarani, mashine italazimika kuizungusha kamera, na njiani itajenga kuta na madirisha ambayo hayapo. Dawa yake ni picha ya tatu ya katikati, kisha utengeneze mipito miwili mifupi.

Katika maelekezo, eleza kinachosogea. Kilichopo tayari kinaonekana. Kwa mfano: "Kamera imetulia. Jua linazama polepole. Taa za mabanda zinawaka moja baada ya nyingine." Kiswahili kisipoeleweka, andika sentensi fupi za Kiingereza. Jaribu kwanza kwa ubora mdogo, maana mara nyingi salio hukatwa hata video ikiharibika, na bando nalo linakwenda. Kisha itazame taratibu, ukikagua vidole, nyuso na maandishi ya mabango, ambayo hupenda kuyeyuka. Unapounganisha vipande viwili, fremu ya mwisho ya kile cha kwanza ndiyo ya mwanzo ya cha pili. Futa moja, la sivyo video itakwama kidogo pale kwenye kiungo.

Mita chache kutoka Forodhani lipo Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, likiwa katika ukarabati. Weka picha ya jumba zima na picha ya kifusi, omba mpito, na utapata mporomoko wenye vumbi na mawe yanayoruka, wa kuaminika kabisa. Wala haukutokea hivyo. Mtoto atakayeiona video hiyo atakua akidhani ameshuhudia tukio lenyewe. Kwa ajali, msiba, maandamano au uchaguzi, tafadhali usiutumie ufundi huu. Weka picha moja, kisha nyingine, kila moja na tarehe yake. Inatosha.

Sura za watu zina haki zake. Picha unayoipakia inakwenda kwenye seva za kampuni, mara nyingi nje ya nchi, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi; Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Muombe ruhusa mwenyewe. Akiwa marehemu, waulize wanawe au ndugu zake kabla hujamfanya atabasamu.

YouTube na TikTok zina sehemu ya kutangaza kuwa video imetengenezwa kwa akili mnemba. Iwashe, lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu video ikishapakuliwa na kusambazwa WhatsApp alama hiyo hubaki nyuma. Andika ndani ya video yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho: "Mwendo huu umebuniwa kwa akili mnemba."