Kuondoa Baka la Ngozi: Kipande Kilichokatwa Huenda Wapi?

Baka ni kidoa cheusi au cha kahawia kinachotokea pale ambapo seli zitengenezazo rangi ya ngozi, yaani melanositi, zimejikusanya pamoja. Lisichanganywe na chunjua, ambayo husababishwa na virusi. Mabaka mengi hayana madhara, na mtu aweza kuzeeka nayo bila kumwona tabibu. Baadhi huondolewa kwa sababu hukwaruzwa na nguo au wembe; mengine kwa sababu yamebadilika: yamekua, yamegeuka rangi, yametoa damu au yamekuwa kidonda kisichopona.

Mabadiliko hayo yaweza kuwa dalili ya melanoma, saratani ya seli za rangi. Ugonjwa huu ni nadra zaidi kwa watu weusi kuliko weupe, lakini kwa watu weusi hutokea hasa mahali pasipotazamwa: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Kwa hiyo mara nyingi hugunduliwa umechelewa. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Upasuaji wenyewe ni mfupi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Ngozi husafishwa, kisha dawa ya ganzi, aghalabu lignokeini, huingizwa kwa sindano nyembamba. Maumivu makubwa ya shughuli nzima ndiyo hayo: mchomo na hisia ya kuungua kwa sekunde chache. Dawa hiyo huziba njia za sodiamu katika neva, na ujumbe wa maumivu haupiti. Hisia ya kuguswa na kuvutwa haipotei yote. Yafaa mgonjwa aelezwe mapema, asije akadhani ganzi imeshindwa.

Daktari hakati duara, bali umbo la mtumbwi, ambalo urefu wake hukaribia mara tatu ya upana. Sababu ni ya kijiometria. Tundu la duara likivutwa kwa nyuzi, ngozi hujikunja na kufanya vifundo kwenye ncha zote mbili. Umbo la mtumbwi hufunga kwa mstari mmoja ulionyooka. Ndiyo maana kovu huwa refu kuliko baka lenyewe, jambo linalowashangaza wengi.

Kipande kilichokatwa hutiwa katika formalini na kupelekwa maabara. Huko hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 4 au 5 hivi, hutiwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini. Ikiwa ni melanoma, mtaalamu hupima unene wake kwa milimita, kwa kipimo alichokieleza Alexander Breslow mwaka 1970. Iliyo chini ya milimita 1 mara nyingi hupona kwa kukatwa. Kadiri inavyozama ndivyo hatari inavyozidi. Baka lililochomwa kwa tindikali, au lililofungwa uzi hadi likadondoka, haliwezi kupimwa hivyo. Mgonjwa ana haki kabisa ya kuuliza kipande chake kinapelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za mgongoni na miguuni baada ya siku 10 hadi 14. Hata hivyo, kovu changa bado ni dhaifu: baada ya miezi mitatu hufikia takriban asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya awali, wala halizidi sana hapo. Kazi za kubeba na kuvuta zisirudiwe upesi. Katika ngozi nyeusi wekundu wa jeraha lililoingia vijidudu hauonekani kwa urahisi. Heri kuangalia joto, uvimbe, usaha na maumivu yanayozidi.

Lipo pia kovu liitwalo keloidi, linalovimba na kupita mipaka ya jeraha, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Huwapata watu weusi zaidi. Aliyewahi kuwa nalo, au aliye na ndugu mwenye nalo, hana budi kumweleza daktari kabla ya kisu, kwani baka la kifuani lisilo na dalili ya hatari laweza kuachwa lilivyo.