SOMO LA UFUNDI: TUNDU LA KUMWAGIA OILI LIKILIWA MENO



Somo la leo ni la waendeshaji wa bodaboda na mafundi wao, na pia la kila familia inayokula kutokana na pikipiki. Linahusu tundu moja dogo lililo chini ya injini, lisilozidi upana wa kidole. Tundu hilo likiharibika, injini nzima inaweza kufa kwa safari moja.

Injini ya pikipiki ya sisi 125 hubeba takriban lita moja tu ya oili. Bolti ikidondoka njiani kati ya Kakuma na Kalobeyei, lita hiyo yote imemwagika kabla dereva hajasikia chochote. Anaposikia, pistoni imekwisha kung'ang'ania silinda na injini imenoki. Tena oili hiyo hurushwa nyuma kwenye tairi, na aliyeketi nyuma huenda ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Hivyo oili inayodondoka si aibu ndogo ya kufichwa kwa kitambaa.

NINI HUHARIBU TUNDU

Kasha la injini ni la alumini. Bolti ni ya chuma kigumu. Vikivutana kwa nguvu, chuma hakiumii, alumini ndiyo huliwa meno. Matundu mengi yanayoletwa kwa fundi hayakuharibiwa na uzee wa pikipiki bali na mkono wa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa na nia njema: aliona oili inatona, akaongeza spana, ikatona tena, akatia bomba kwenye mpini wa spana ili avute zaidi.

Kinachozuia oili ni washa iliyo chini ya kichwa cha bolti, wala si nguvu. Washa ikishabanwa mara moja huwa ngumu na bapa, haishiki vizuri mara ya pili. Badilisha washa kila unapobadilisha oili. Kama ni ya shaba na huna nyingine, ichome kwa moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isugue masizi. Shaba iliyochomwa hulainika tena. Usifanye hivyo kwa washa ya alumini, itayeyuka.

Bolti ya milimita 12, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi ndogo, inatosha kukazwa kwa spana ya urefu wa sentimita 20 kwa nguvu kama ya kuinua kilo 12 hivi. Hiyo haifiki hata uzito wa jerikeni la lita 20 lililojaa maji, ambalo watoto wetu hubeba kila siku. Anayekaza kwa miguu anavunja.

Jambo jingine ni mchanga. Vumbi la hapa huingia kwenye meno na kuyasaga kama msasa. Pangusa tundu na bolti kabla ya kufunga. Kisha anza kwa vidole, bila spana: zungusha bolti kinyume kwanza mpaka uhisi imedondokea kwenye mkondo wake, ndipo uizungushe mbele. Isipoingia mizunguko mitatu kwa vidole, itoe. Usiilazimishe.

PIMA KWANZA, UCHIMBE BAADAYE

Hapa ndipo mafundi wetu wengi huharakisha. Mtu anaona meno yamekatika, mara anashika drili. Lakini alumini iliyochimbwa hairudi. Kila ukitanua tundu unapunguza ukuta, na ukuta ukiisha, dawa ni kununua kasha jipya na kufungua injini yote. Kwa hiyo anza na tiba ndogo, na uende kubwa pale tu ndogo iliposhindwa.

Mwaga oili, safisha tundu kwa mafuta ya taa, umulike kwa tochi. Angalia bolti pia. Ikiwa ina vipande vya alumini vilivyojikunja kama springi, hayo ni meno ya tundu yaliyotoka. Ikiwa bolti yenyewe ndiyo imechakaa na tundu ni zima, shukuru, nunua bolti. Chukua ya zamani dukani uilinganishe: weka bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno yaingiane bila mwanga kupita katikati. Kwa rula, meno 10 yakichukua milimita 15 ni aina moja. Yakichukua milimita 12 na nusu ni aina nyingine, na ukiilazimisha hiyo ya pili kwenye tundu la ile ya kwanza umejitengenezea kazi.

Baadhi ya injini hazina bolti ndogo. Zina kifuniko kikubwa, na ndani yake mna springi na chujio. Tundu la namna hiyo likiharibika usijaribu yanayofuata hapa chini. Peleka kwa mkereza vyuma.

TIBA KWA NGAZI

Mara nyingi meno ya mwanzo ndiyo yaliyokatika na ya ndani ni mazima, kwa kuwa bolti ya kiwandani haikuyafikia yote. Pima kina kwa kijiti. Bolti ndefu kidogo, milimita tatu au nne zaidi, huenda ikayakamata. Hakikisha haigusi kitu ndani: iingize kwa vidole mpaka kichwa kikae kabisa bila kukwama.

Meno yakiwa yamelala tu bila kukatika, yanasafishwa kwa tepu, yaani kile chuma cha kuchongea meno. Asiye nayo anaweza kuitengeneza. Chukua bolti nzima ya ukubwa na meno yale yale, piga tupa la pembe tatu kwa urefu wake mpaka upate mifereji mitatu, na uchonge ncha yake iwe nyembamba kidogo. Ipake grisi. Ingiza nusu mzunguko, rudisha robo, ingiza tena; itoe mara kwa mara uifute. Chombo hiki husafisha meno yaliyopo. Hakiwezi kuchonga mapya kwenye tundu lililo laini.

Tundu likiwa laini kabisa, ndipo tunatanua. Kutoka milimita 12 hupandishwa 14: chimba kwa biti ya 12 na nusu, kisha chonga kwa tepu ya 14 yenye meno ya hatua ya 1.5. Pima kwanza unene wa nyama ya alumini inayozunguka tundu. Kama baada ya kuchimba utabaki na chini ya milimita tatu kila upande, acha. Drili isimamishwe wima dhidi ya uso wa kasha, na mtu wa pili aangalie kwa kona-mraba ya seremala. Tundu likienda upande, kichwa cha bolti hakitakaa sawa, na hakuna washa itakayozuia oili.

Tiba tunayoipendelea, mahali palipo na mkereza vyuma mjini, ni bushi. Ni kipande cha chuma au alumini ngumu chenye meno nje na ndani: nje milimita 16 au 18, ndani ile 12 ya asili. Kiwe na mdomo mpana upande wa chini ili kisizame ndani. Hufungwa kwa gundi ya kushikilia bolti isiyoyeyuka kwa joto, na hakitolewi tena. Tangu hapo bolti ya kawaida hufunga ndani yake. Mwambie mkerezaji bushi isichomoze ndani ya kasha, maana itazuia oili chafu kutoka yote. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kasha jipya.

Wapo wanaoziba kwa gundi ya chuma au kwa utepe mweupe wa mafundi bomba. Gundi inaweza kukufikisha nyumbani, basi. Utepe haushiki mahali pasipo na meno, na vipande vyake huelekea kwenye pampu ya oili. Usiruhusu pia mtu achomelee tundu kwa mashine ya kawaida ya welding. Alumini ya kasha iliyolowa oili hupasuka. Kazi hiyo ina gesi yake na fundi wake.

CHENGA ZA ALUMINI

Kazi nzuri inaweza kuua injini kama chenga zilizodondoka ndani hazikutolewa. Paka tepu na biti grisi nzito ili zinase. Ukimaliza, mimina oili ya bei nafuu kupitia juu, tundu likiwa wazi, mpaka itoke safi bila kumetameta ukiiangalia juani. Kipindi chote hicho mtu asipige kiki. Vaa miwani unapochimba, na injini iwe baridi.

Halafu funga bolti na washa mpya, jaza oili, weka katoni safi chini ya injini na uache usiku mzima. Asubuhi katoni ikiwa kavu, washa injini dakika tano, zima, angalia tena, pima oili kwa kijiti chake. Usibebe abiria kabla ya hapo. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kagua mara nyingine.

OILI CHAFU

Isimwagwe lagani wala karibu na mabomba ya maji. Iweke kwenye jerikeni lenye alama, mbali na watoto, na uulize karakana iliyo karibu nawe kama inapokea. Jerikeni hilo lisirudi tena jikoni, hata likioshwa kwa maji ya moto. Oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ngozi, kwa hiyo fundi aoshe mikono kwa sabuni, asiioshe kwa petroli. Wanaoipaka kwenye vidonda au kwenye nywele za watoto kuua chawa waache. Kwa mambo hayo mwende zahanati.