Simu ya Bosi Ijumaa Jioni

Mdogo wangu, sogea karibu. Barua zenu nimezisoma, na nyingi zinaanza vilevile: "Dada, nimefanya ujinga." Hilo neno liache. Kilichokuponza si ujinga, ni adabu yako. Umelelewa kuitika mkubwa anapoita, na tapeli anakuingilia kwa mlango huohuo.

Huchagua Ijumaa, saa kumi na moja, umeshashika mkoba unawaza basi la Nyabugogo. Simu inalia. "Ni mimi bosi wako, niko kikaoni, siwezi kuongea. Huyu mtu alipwe sasa hivi." Au anajiita fundi wa kompyuta, anataka zile tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Moyo mbio, kidole kimeshabonyeza.

Na usiniambie sauti ya bosi unaijua. Huko Hong Kong mwaka 2024, mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya Arup aliushuku ujumbe wa kwanza, kama ambavyo ungeshuku wewe. Akaitwa kwenye kikao cha video, akamwona mkuu wake wa fedha na wenzake, akatulia. Nyuso zote zilikuwa za bandia. Dola milioni 25 zikaondoka. Wala si mambo ya mbali: mwishoni mwa 2019 idara ya upelelezi ya Rwanda, RIB, ilikamata watu 12 hapahapa Kigali waliojaribu kuingilia mfumo wa Equity Bank, na mwaka 2021 wakahukumiwa miaka 8 jela.

Kwa hiyo kata simu. Kata kwa upole: "Bosi, nakupigia sasa hivi." Kisha piga namba uliyokuwa nayo siku zote, siyo iliyokupigia. Akiwa ni yeye kweli na amekasirika, mwache akasirike. Heshima si utumwa. Hasira yake itaisha kabla ya Jumatatu. Pesa ikishatoka, kuipata tena ni kazi.

Nanyi mabosi mnaosoma kwa kuchungulia: kijana akikupigia kuhakikisha, mshukuru mbele ya wenzake. Ukimfokea leo, kesho hatapiga, atalipa tu. Malipo makubwa yapite mikono miwili, hata yale unayoyaagiza wewe mwenyewe.

Sasa wewe uliyetoa tarakimu ukanyamaza wiki nzima, hapo nakukaripia. Mficha uchi hazai. Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi, ya Oktoba 2021, inamtaka mwajiri aijulishe mamlaka ya usalama wa mtandao, NCSA, ndani ya saa 48 tangu ajue kuwa taarifa za watu zimevuja. Atajuaje, na wewe umejifungia na siri yako, hulali, huli? Kila siku unayonyamaza, mwizi anazidi kuzoea nyumba. RIB nao wako kwenye 166, bila malipo.

Umeniuliza uanzeje. Ingia, funga mlango, useme: "Bosi, Ijumaa nilimpa mtu tarakimu zangu." Mengine utayajibu akiuliza. Machozi yakija, yaache yaje, lakini usitoke hujasema.