Daftari la hewa

Mbali sana na Kongo, katika bahari ya Asia, kuna visiwa vya Ufilipino. Kila mwaka tufani kali hupita huko: upepo hung'oa miti na mapaa, mawimbi huzamisha merikebu. Zamani tufani iliwajia watu kama mwizi wa usiku.

Katika mji wa Manila, mapadri Wajezuiti walikuwa na shule, jina lake Ateneo. Mwezi wa Septemba 1865 tufani ilipiga mji. Frateri Francisco Colina, mwalimu wa shule ile, alitazama vyombo vyake vya kupimia hewa, akaandika aliyoyaona. Habari zake zilipigwa chapa katika gazeti. Watu wa biashara wakawaomba mapadri waendeleze kazi hiyo.

Chombo kimoja kiliitwa barometa. Hicho hupima uzito wa hewa. Tufani ikikaribia, hewa hupungua uzito, na zebaki iliyo ndani ya bomba la kioo hushuka. Lakini imeshuka kutoka wapi? Asiyeandika jana, leo atajuaje? Kwa hiyo waliandika kila siku, hata siku za jua na utulivu.

Padri Federico Faura aliongoza kazi hiyo, akazilinganisha namba za miaka mingi. Tarehe 7 Julai 1879 alitangaza: tufani itapita kaskazini ya kisiwa cha Luzon. Ikapita kweli. Mwezi wa Novemba alitangaza nyingine, itakayopiga Manila yenyewe. Merikebu zilizuiwa bandarini, watu wakajiweka tayari. Tufani ilipofika, ilikuta mji unaingoja.

Mwaka 1945 vita viliharibu nyumba ile, pamoja na vyombo na madaftari. Kazi ya miaka themanini ikapotea! Je, mapadri walikata tamaa? Hapana. Mwaka 1951 walianza tena katika mji wa Baguio, na mwaka 1963 wakahamia Quezon City, karibu na Manila. Kazi inaendelea hata leo.

Watoto, namba moja katika daftari ni kitu kidogo. Lakini namba ya kila siku, iliyoandikwa kwa uaminifu, huokoa watu.

MASWALI
1. Barometa hupima nini?
2. Kwa nini waliandika hata siku za utulivu?
3. Mapadri walifanya nini baada ya vita?
4. Andika hali ya hewa ya kijiji chako kila asubuhi, muda wa juma moja.