Kupima Mvutano wa Dunia Chini ya Mwembe

Mara nyingi mvutano wa dunia hufundishwa kwa maneno matupu. Mwalimu huangusha chaki, kisha huandika ubaoni yale ambayo kitabu kimekwisha kuyasema. Sisi twaona kwamba jambo hili laweza kupimwa katika shule yoyote ya Ifakara, na kwamba sehemu kubwa ya somo imo katika makosa ya kipimo chenyewe.

Funga jiwe dogo la mtoni kwa mshipi wa kuvulia, ulining'inize kwenye tawi gumu la mwembe. Urefu tangu fundo la juu hadi katikati ya jiwe uwe mita 1. Livute kidogo tu upande, uliachie. Watoto wahesabu mibembeo 20, kwenda na kurudi, huku mmoja wao akitazama saa. Ili kupata mvutano, mwalimu atagawanya 39.5 kwa kipeo cha pili cha sekunde za mbembeo mmoja.

Katika bonde la Kilombero jibu ni karibu 9.78, yaani mibembeo 20 huchukua sekunde 40.2. Kikundi kilichohesabu sekunde 41 kitapata 9.4. Hapo mwalimu hushawishika kuwaambia wafute. Nasi tulipoanza kazi tulifanya hivyo. Heri awaulize: mshipi ulipimwa kutoka wapi? Mwenye saa alichelewa? Kosa la sentimita 1 hubadili muda kwa sekunde 0.2, na mkono wa mtu huweza kuchelewa kadiri hiyo hiyo.

Kwenye ncha za dunia, ambako mvutano ni 9.83, mibembeo hiyo ingechukua sekunde 40.1. Basi kwa mshipi wetu hatuwezi kutofautisha Ifakara na nchi ya barafu. Mfaransa Jean Richer aliitambua tofauti ya namna hii mwaka 1672 huko Cayenne, karibu na ikweta, kwa kuwa saa yake ya kubembea ilihesabu siku nzima, ikachelewa kama dakika 2 na nusu kuliko ilivyokuwa Paris.

Wataalamu wa leo nao wana mpaka wao. Chombo cha Ufaransa kilichorushwa angani mwaka 2016 kilionyesha kwamba metali mbili mbalimbali huanguka sawasawa. Tofauti, kama ipo, haizidi sehemu chache katika trilioni elfu moja. Lakini nguvu ambayo tufe mbili huvutana kwayo, aliyoipima Henry Cavendish wa Uingereza mwaka 1798, ingali ikisumbua: maabara bora kabisa huhitilafiana katika tarakimu ya nne.

Kwa hiyo vikundi vyote viandike namba zao ubaoni kama zilivyo, 9.4 kando ya 9.9, kabla mwalimu hajaitaja ile ya kitabu.